Kuku Sitini na Programu Iliyokataa Kuondoka

Wadogo zangu walinijengea banda la kuku bila kuniuliza. Banda lenyewe lilikuwa bora kuliko chumba nilichopanga Iringa: sakafu ya saruji, wavu mpya, mabati yasiyo na tundu hata moja, na umeme. Mdogo wangu wa kiume alinitumia picha zake kwenye simu, moja baada ya nyingine, na chini ya ile ya mwisho akaandika: "Dada, hapa ndipo utakapopumzika." Mtu asiyejua kinachoendelea angedhani wamenichimbia kaburi.

Kosa lilikuwa langu. Wiki ya kwanza ya kazi, nikiwa bado na majivuno ya kupewa kiti kinachozunguka, niliwaambia kwa simu: "Wamenipa miezi mitatu ya majaribio. Wasiponithibitisha, narudi Mbeya kufuga kuku, na sitabisha." Nilisema hivyo kama mtu anavyosema atahamia mwezini. Wao walikwenda kununua saruji. Na mimi, kama kuna jambo moja ambalo Mbeya nzima inalijua kunihusu, ni kwamba nikisema nimesema.

Basi ikawa hivyo. Upande mmoja kazi ya kuandika programu kwa lugha ya C, upande wa pili kuku sitini wa mayai.

Ni lazima nieleze kwa nini kuku walinitisha kiasi hicho. Tumezaliwa watatu, mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kiume darasa la nne, wa kike ndiyo kwanza anajifunza kuandika jina lake. Nilifunga daftari la jiografia kwenye ukurasa wa mito mikubwa ya dunia, na mpaka leo naijua mitatu tu. Shangazi yetu wa Chimala akatupa chumba, na mimi nikaingia stendi ya hapo hapo kuuza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Niliuza mayai miaka kumi na mitano. Mayai hayo yakamtoa mmoja akawa mwalimu wa fizikia na mwingine akawa muuguzi, wote sasa wako Mbeya, wanaishi kwenye nyumba ya wazazi pale Uyole. Nimemenya mayai mengi kiasi kwamba hata leo nikikutana na kuku njiani nampisha, kama mtu anavyompisha bosi wake wa zamani.

Hiyo C niliipata kwa mdogo wangu wa kiume. Alipokuwa chuo alikuja likizo na laptopu kuukuu na madaftari ya somo la kompyuta lililokuwa linamtesa. Alikuwa amekwama kwenye kitu kinachoitwa kielekezi.

"Dada, hiki kitu hakishiki namba," alilalamika. "Kinashika mahali ambapo namba imewekwa. Sasa faida yake nini?"

Nilikuwa nachemsha mayai. Nikamwambia, "Si kama ukiuliza nyumba ya fulani, unaambiwa kamuulize mwenye duka la kona? Mwenye duka siyo nyumba. Ila anajua nyumba iliko."

Akaniachia laptopu, akaenda kucheza mpira. Yeye alifaulu somo lile kwa maelezo yangu na hakuligusa tena. Mimi nilibaki nalo. C ni lugha ndogo; maneno yake ni machache kuliko ya mama anayemgombeza mtoto, na kama ya mama, ukikosea moja unakiona. Nilijifunza polepole kwa miaka, mfululizo, kama mtu anayelima shamba la kilimani.

Ndipo nikasikia kuna ofisi Iringa inatafuta mtu wa C. Ofisi ilikuwa juu ya duka la mabati, ngazi zake zinalia kila ukikanyaga. Walikuwa wanaandika programu kwa ajili ya kampuni moja ya bima ya nje ya nchi, yenye kompyuta kubwa ya aina ya zamani ambayo maelfu ya mawakala wanaitumia kwa wakati mmoja. Kompyuta yenyewe hatukuwahi kuiona. Tuliifikia kwa mtandao, kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Wenzangu wanne waliandika kwa lugha ya wazee iliyozoeleka kwenye mashine za namna hiyo, na waliniona mimi na C yangu kama mtu aliyekuja kupalilia mahindi amevaa suti. Lakini kampuni ilitaka sehemu fulani ziandikwe kwa C, na wao hawakutaka hata kuisikia.

Bosi alikuwa mzee wa Kihehe, mpole, asiyevua sweta wala skafu, maana baridi ya Iringa haina mchezo. Alisoma jaribio langu, akapindua karatasi kuona kama nyuma kuna vyeti, akakuta patupu.

"Cheti huna," akasema.

"Sina, mzee."

"Haya. Cheti hakiandiki programu. Miezi mitatu, dada, halafu tutaona."

Kazi niliyopewa ilionekana ndogo. Wakala wa bima anaandika namba ya mteja, skrini inamwonyesha anwani ya mteja huyo, anaibadilisha, inahifadhiwa. Basi. Mwenzangu mmoja alisema hata mbuzi aliyefundishwa vizuri angeimaliza kwa wiki.

Mimi nilitumia mwezi mmoja na nusu, kwa sababu niliiandika kwa adabu.

Nisikilizwe vizuri hapa. Kwetu Nyanda za Juu huwezi kumkuta mtu ukamwambia tu, "Nipe anwani." Hata ukiwa unakimbizwa na nyuki, unasalimia kwanza. Unauliza yeye, unauliza nyumbani, unauliza mvua, ndipo unasema shida yako. Kwa hiyo skrini ya kwanza ya programu yangu ilisema: *Habari za kazi?* Ikasubiri wakala abonyeze kitufe. Ikasema: *Na nyumbani hawajambo?* Ikasubiri tena. Ndipo ikasema: *Karibu. Tafadhali namba ya mteja.* Niliandika kwa Kiswahili kwanza, nikijua nitatafsiri baadaye, na nilikuwa nimepanga hata swali la mvua.

Wakala akishaandika namba, programu yangu ilichukua rekodi ya mteja na kuifungia, mtu mwingine yeyote asiiguse, mpaka wakala amalize. Hilo nalo nililiona ni uungwana. Mgeni ukishampa kiti, kiti hicho ni chake mpaka aondoke. Humnyanyui kwa sababu ameenda chooni.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, nilipokea ujumbe kutoka kwa mwangalizi wa mashine, mtu wa huko huko nje ambaye kazi yake ni kutazama kompyuta kubwa isisongwe. Ujumbe ulisema: "Programu yako imeishika rekodi ya mteja kwa dakika arobaini. Wakala wetu wa majaribio amekwenda kula. Nimeikatisha."

Nikamjibu: "Angerudi."

Kesho yake akaikatisha tena. Kesho kutwa mara tatu. Nilianza kumwona kama mgambo wa soko, yule anayepita na rungu kupiga teke meza za watu.

Bosi aliniita dirishani kwake, mahali penye jua kidogo.

"Dada, programu huku haitakiwi kumsubiri mtu."

"Sasa imsubiri nani, mzee?"

"Isimsubiri yeyote. Inafanya kipande chake, inaondoka."

"Inaondoka inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inakufa."

"Na wakala?"

"Anabaki na skrini mbele yake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Akishaandika, akibonyeza, mashine inaiamsha programu upya."

Nikamtazama mzee wa watu mwenye skafu, mtu wa kanisani, mzee wa ushirika. "Bosi," nikamwambia kwa upole, "hiyo ni tabia mbaya."

Akavua skafu. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba hawakuwahi kumwona akivua skafu.

Nilijaribu kumtii kwa nusu. Niliifanya programu ife baada ya salamu, lakini ilipoamshwa ilikuwa haikumbuki kitu. Kila mara ilizinduka kama mtoto mchanga, ikamtazama wakala yule yule, ikamuuliza: *Habari za kazi?* Wakala wa majaribio alisalimiwa mara kumi na saba asubuhi moja bila kufika kwenye namba ya mteja. Nikaona bora ile ya zamani, inayong'ang'ania. Angalau ilikuwa na msimamo.

Halafu kulikuwa na aibu ya pili. Katika C kuna amri ya kuchapisha maneno, ya kwanza kabisa ambayo kila mwanafunzi anajifunza. Mimi nilikuwa nimeitumia kuweka salamu ya Kihehe mwanzoni, *Kamwene*, kwa heshima ya Iringa iliyonipokea. Kwenye skrini haikuonekana. Nikadhani imekosa nguvu, nikaiandika mara tatu zaidi, sehemu mbalimbali. Sikujua kwamba kwenye mashine ile maneno yanayochapishwa namna hiyo hayaendi kwa wakala. Yanaenda kwenye daftari la matukio, ambalo linasomwa na mtu mmoja tu: mwangalizi. Kwa wiki mbili nilikuwa namsalimia mwangalizi mamia ya mara kwa siku.

Ujumbe wake, ambao bosi alitusomea mbele ya ofisi nzima, ulisema: "Tafadhali mwambieni Bwana Kamwene aache kujitambulisha. Tumeshamfahamu."

Wenzangu walicheka mpaka muuza mabati wa chini akapanda kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo walinisalimia, "Bwana Kamwene, umeamkaje?" na mimi niliitikia, kwa sababu salamu ni salamu.

Bosi hakucheka sana. Alikuwa na barua nyingine mkononi. Kampuni ilitaka kuiona programu ya anwani Ijumaa ya wiki inayofuata, ikifanya kazi, wao wakitazama kutoka kwao. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi yangu mitatu.

"Mimi nakupenda, dada," bosi alisema. "Ila isipopita, sina neno la kuwaambia."

Jioni simu ilipigwa, wadogo zangu wawili kwenye spika moja kama kawaida yao.

"Dada, shikamoo. Umeshafukuzwa?" aliuliza yule wa kiume.

"Marahaba. Bado."

"Anauliza tu," alisema yule wa kike. "Siyo kwamba tunaomba."

"Nyie mnaomba."

"Tunaomba upumzike! Tangu tuko wadogo hujapumzika. Unakaa kwenye baridi huko unagombana na kompyuta ya watu."

"Kwani kuku ni mapumziko?"

"Kuku hawakatishi mtu," alisema mwalimu wa fizikia. "Njoo Jumamosi uone banda. Kuona tu."

Nilikwenda. Nikisema nimesema, na nilikuwa nimeshasema nitakwenda kuliona.

Basi la asubuhi kutoka Iringa lilikuwa na nafasi, nikapata kiti cha dirishani. Nilifungua daftari mapajani nikaitazama programu yangu mpaka Makambako, halafu nikalala, nikaamka Chimala kwa sababu basi lilisimama na kelele za stendi zikaingia ndani kwa pamoja. Mchele, ndizi, karanga, maji. Na chini ya dirisha langu, ndoo ya plastiki yenye kitambaa cheupe.

"Mayai, dada, ya moto!"

Alikuwa mwanamke wa umri wangu wa zamani, mwenye kopo la kachumbari limefungwa kiunoni kwa kamba. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hamu ya kuonja kama kiwango kimeshuka tangu niondoke.

"Mawili. Moja chumvi tu, moja pilipili nyingi."

Akamenya la chumvi kwa mkupuo mmoja, akanipa kwenye kipande cha karatasi, akasema, "La pilipili nakuletea," akaondoka. Hakusubiri nitafute hela. Nilikuwa bado nachimba kwenye pochi, yeye yuko dirisha la tatu. Akaenda la tano. Akarudi la pili, akampa mtu kachumbari, akaruka kwenda upande wa pili wa basi, namwona kichwa tu kinapita.

Wakati huo mzee niliyekaa naye akanigusa. "Mama, naomba nikae hapo dirishani, kichefuchefu kimenishika." Nikampisha, tukabadilishana viti.

Muuza mayai akarudi. Mkononi alikuwa na yai la pilipili limeshapasuliwa. Akalinyoosha hadi dirishani, akamwona mzee, akalirudisha.

"Wewe siye."

"Siye nani?" aliuliza mzee. "Lete."

"Aliyeagiza pilipili nyingi ana kilemba cha kijani. Dirisha ni hili, ila mtu siye."

"Mimi ndiye niliyekaa hapa."

"Kukaa umekaa, babu. Kuagiza hujaagiza. Yuko wapi?"

Nikainua mkono. "Niko hapa."

"Haya! Shika. Na usihamehame, dada, unanivuruga."

Akapokea hela yake, akaenda. Hakuaga. Hakuna aliyekasirika. Mimi nilibaki na yai mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea.

"Ana kikaratasi!" nikasema kwa sauti.

"Nani?" aliuliza mzee.

"Yule! Ana kikaratasi kichwani!"

Mzee akajipapasa kofia yake kuhakikisha haina kitu.

Miaka kumi na mitano. Miaka kumi na mitano nilifanya hivyo hivyo kwenye stendi ile ile. Basi likisimama lina madirisha ishirini, na dereva anapiga honi tangu anafika. Muuzaji anayesimama dirisha moja kumsubiri abiria atafute hela, huyo atauza yai moja kwa siku, na wenzake watamsukuma kwa sababu amewazibia njia. Unampa, unaondoka, unabeba kichwani kikaratasi cha maneno machache tu: *dirisha la nne, kilemba cha kijani, moja bado, pilipili nyingi.* Ukirudi huhitaji kukumbuka safari yake wala kabila lake. Unahitaji maneno hayo tu. Na kabla hujamkabidhi unatazama kwanza kama ni yule yule, kwa sababu watu wa basi wanahamahama.

Nilikuwa nimeingia ofisi yenye viti vinavyozunguka nikadhani kompyuta ile nayo ni ofisi, inataka salamu na subira. Kumbe ile ni stendi ya Chimala. Mimi nilikuwa muuza mayai aliyesimama dirisha moja dakika arobaini anauliza habari za nyumbani, na mwangalizi masikini ya Mungu alikuwa tu mwenzangu anayenisukuma nimpishe.

Nilimaliza yai la pilipili huku machozi yananitoka. Ilikuwa pilipili. Kiwango hakikushuka.

Uyole walinipokea kwa shangwe, wakaniongoza nyuma ya nyumba wameniziba macho kwa kanga. Waliponifungua, nilikuta banda siyo tupu.

"Mlisema kuona tu!"

"Si unaona?" alisema yule wa kiume.

"Tumewaleta mapema wakuzoee," alisema muuguzi. Alikuwa amebandika mlangoni ratiba ya chanjo na maji, imeandikwa kwa mwandiko wa wodini, yenye mistari ya kutia vema.

Kuku sitini waligeuza vichwa, wakanitazama kwa jicho moja moja. Nikawatazama. Tulijuana.

"Nipeni ndoo ya kukalia," nikasema. "Na kalamu."

Wakafurahi sana. Walidhani nimekubali. Mimi nilitaka tu mahali ambapo hakuna atakayenisemesha, na nyumba ilikuwa imejaa majirani waliokuja kuniona. Nikaketi juu ya ndoo katikati ya banda, nikaibandua ratiba ya chanjo, nikaandika programu upya nyuma yake. Mchana kutwa. Programu inaamka. Inatazama kama imepewa kikaratasi. Kama haina, ni dirisha jipya: inaomba namba ya mteja, inaandika kikaratasi, inaikabidhi mashine ikitunze, inakufa. Ikiamshwa na kikaratasi, inasoma: tulifikia wapi? Inaendelea kipande kimoja, inaandika kikaratasi kipya, inakufa tena. Rekodi haifungiwi wakati wakala anafikiri. Kikaratasi kinabeba jinsi anwani ilivyokuwa mwanzo, na wakati wa kuhifadhi, programu inaisoma rekodi tena na kutazama: bado ni yule mwenye kilemba cha kijani?

Mdogo wangu wa kike alikuja na chai, akachungulia begani kwangu.

"Dada, siyo kwamba naingilia. Hiyo ratiba ya chanjo."

"Nyuma yake ni nyeupe."

"Na kuku amekanyaga mstari wako wa tatu."

Kweli, kulikuwa na alama ya mguu mahali nilipoandika amri ya kuondoka. Niliiacha. Nilirudi Iringa Jumapili na karatasi ile kwenye pochi, yenye doa.

Ijumaa tulikaa watu sita mbele ya skrini moja. Bosi alikuwa amevaa skafu mbili. Mwangalizi alikuwa upande wa pili wa simu, na hii ndiyo siku nilipoisikia sauti yake mara ya kwanza, nyembamba, ya mtu mwenye mafua. Alisema atajaribu mwenyewe. Akaandika namba ya mteja, anwani ikatokea. Akaondoka kwenda kunywa kahawa, kwa makusudi, na alituambia kabisa kwamba anafanya makusudi. Tulisubiri robo saa. Hakuna kilichoshikwa, hakuna kilichosongwa. Programu yangu ilikuwa imekufa zamani, kwa amani. Aliporudi akabadilisha mtaa, akabonyeza. Ikahifadhi.

"Sasa," alisema, na nilisikia anatabasamu kwa namna isiyonipendeza, "nafungua skrini mbili."

Akamfungua mteja mmoja kwenye skrini zote mbili. Kwenye ya kwanza akabadilisha mji, akahifadhi. Halafu akahamia ya pili, yenye anwani ya zamani bado, akabadilisha namba ya nyumba, akabonyeza. Bosi alishika ukingo wa meza. Baadaye alinieleza kwamba hapo ndipo programu nyingi za wasomi zinapoangukia: ya pili inafuta kazi ya ya kwanza na hakuna anayejua.

Skrini ikasema kwa kijani: *Samahani. Rekodi hii imebadilishwa na mtu mwingine tangu ulipoiona. Itazame upya.*

Kisha ile sauti ya mafua ikasema neno moja ambalo bosi alitutafsiria kuwa ni "safi."

"Hili la kulinganisha kabla ya kuhifadhi sikukufundisha," bosi aliniambia. "Umelitoa wapi?"

"Chimala, mzee."

"Chimala kuna chuo?"

"Kuna stendi."

Akafikiri, akaamua asiulize. Alichukua kalamu akasaini barua yangu ya kuthibitishwa pale pale, juu ya goti, na karatasi ikatoboka kidogo. Mwangalizi alikuwa bado hewani. Aliuliza kama Bwana Kamwene hajambo, maana daftari lake la matukio limekuwa pweke tangu Jumatatu. Tukakubaliana kwamba Bwana Kamwene atapita kwenye daftari hilo mara moja tu kila asubuhi, mashine inapowashwa. Anapita mpaka leo.

Saa ya chakula cha mchana nilishuka ngazi zinazolia, nikasimama kwenye jua mbele ya duka la mabati, nikapiga simu. Wakapokea wote wawili, kwenye spika.

"Wamenithibitisha," nikasema.

Nyuma yao nikasikia kuku sitini wakipiga kelele kama mnada.

"Hongera, Dada," alisema muuguzi, na sauti yake ilikuwa ya kweli, ila ndogo. "Hongera sana."

"Hongera," alisema mwalimu. "Sasa, Dada. Hawa."

"Ni wenu."

"Sisi hatujui kuku! Wewe ndiye mtu wa mayai! Mmoja tangu jana anatembea upande upande, tumfanyeje? Na ile ratiba ya chanjo uliondoka nayo! Dada, usikate, subiri kwanza nimpe simu huyu akuelezee yule anayetembea—"

Kwa maisha yao yote sikuwahi kukata simu kabla yao. Nilikuwa nawasubiri wamalize, hata salio likinyonywa lote, hata wakiwa hawana la kusema. Nilisimama pale na kidole juu ya kitufe, nikaona basi lenye madirisha ishirini.

"Naondoka sasa," nikasema. "Nitarudi."

Nikakata. Halafu nikawaandikia ujumbe mfupi: *Maji asubuhi na jioni. Chanjo Jumanne. Anayetembea upande mtengeni peke yake. Picha ya ratiba hii hapa, doa ni la kuku wenyewe. Mkijibu nitaamka.*

Kisha nikavuka barabara kutafuta chakula. Mama ntilie aliniuliza niongezewe nini kwenye wali. Nikamwambia chochote, isipokuwa yai.